Khanga, kitenge, udi, dhahabu au pesa: mama umpelekee nini?

Siku ya pili ya Idi mwaka jana mama alinituma chumbani kwake nikamtolee shuka la wageni. Kabati lake ni lile la mninga lenye kioo mlangoni, na ufunguo wake huufunga kwenye pindo la khanga, kwa hiyo ukipewa ufunguo ujue umeaminiwa. Shuka nililipata. Ila nililipata chini ya vitambaa viwili vya kitenge vilivyokuwa bado ndani ya nailoni, ubavuni mwa chupa ya manukato niliyomnunulia mwenyewe miaka mitatu kabla, haijachanwa hata karatasi yake. Palikuwa na saa ya mkononi aliyoletewa na kaka, imesimama zamani, na boksi la blenda ambalo gundi yake haijaguswa. Nikarudi ukumbini nikamuuliza. Akanijibu bila kuacha kuchambua mchele: "Vizuri hivyo, mwanangu. Navitunza."

Tangu siku ile nikiingia dukani kumtafutia zawadi swali langu limebadilika. Najiuliza kitakwenda wapi kikishapokelewa. Kitavaliwa, kitachomwa, kitauzwa siku ya shida, kitagawiwa, au kitafungiwa? Maana vilivyokosekana mle kabatini vilisema mengi kuliko vilivyokuwemo. Khanga tulizompa hazikuwemo: moja alikuwa kajifunga, ya pili ilikuwa kwenye kamba uani, ya tatu alishampelekea jirani aliyejifungua. Udi haukuwemo, uliisha kabla Ramadhani haijaisha. Na pesa ya Idi usiulize, ilikuwa imeshapanda basi kwenda Korogwe kwa mjukuu.

Basi nimeziweka ubavu kwa ubavu zawadi tano ambazo watoto wengi huzizungukia, nikizipima kwa safari zake. Mama ninayempimia ni wa Tanga, ana miaka sitini na kitu, anaswali, anafuga kuku, na yumo kwenye vikoba viwili. Kama wako ni mwalimu mstaafu wa Mwanza anayeimba kwaya, mizani itasogea, na nitasema inasogea wapi.

Khanga na kitenge

Watu huzitia kapu moja kwa sababu zote mbili zina rangi na zote unazipata ukitembea Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, bila hata kuvuka barabara. Lakini khanga hutoka kiwandani ikiwa imekamilika. Ina urefu wa kama mita moja na nusu, upana mita moja na kidogo, ina pindo pande zote nne, ina mji katikati na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa, chini ya mji. Inauzwa doti, yaani mbili zilizoshikana. Mama akishazitenganisha kwa mkasi na kuzipinda, kazi imekwisha. Ndani ya saa moja anaweza kuwa amejifunga moja na kujitanda nyingine yuko njiani. Mnene ni hiyo hiyo, mwembamba ni hiyo hiyo. Huhitaji kumjua kiuno.

Kitenge ni kitambaa kinachosubiri. Hakina jina, hakina mwisho wake, kinakatwa kwa yadi, na bila fundi ni mzigo tu. Vile viwili vya kabatini havikukosa uzuri. Vilikosa fundi: yule wa siku zote alihamia Muheza, na huyu wa jirani, kwa maneno ya mama mwenyewe, "anashona kama anafunga gunia." Tena ushonaji una gharama zake. Ukijumlisha bitana, zipu na mikono ya fundi, mara nyingine unakuta umelipa kiasi kinachokaribia bei ya kitambaa chenyewe. Mtoto anayempa mama kitenge peke yake kampa zawadi na deni pamoja.

Simaanishi kitenge ni zawadi mbovu. Kwa mama wa kwaya, mama wa ofisini, mama ambaye kila Jumapili ana pa kutokea, kitenge kinaishinda khanga kwa mbali, kwa sababu hapo panatakiwa gauni, si vazi la kujifunga. Na ukivuka kwenda mashariki ya Kongo, Bukavu au Goma, ambako kitambaa huitwa kikwembe, waksi nzuri ni heshima na ni akiba pia. Huko kufungiwa sandukuni si aibu kwa mtoaji.

Ukiamua kitenge, fanya hivi: siku ukienda nyumbani chukua kimya kimya gauni lake moja linalomkaa vizuri, mpe fundi wa kwako alipimie, umpelekee mama nguo iliyokwisha kushonwa. Ukishindwa hilo, weka pesa ya ufundi ndani ya kitambaa, uitaje wazi kwamba ni ya ufundi. Na ukigeuze kitambaa kabla ya kulipa. Waksi ya kweli, ile iliyotokana na jaribio la Waholanzi kuiga batiki ya Java kwa mashine (kampuni ya Vlisco ya Helmond iko kwenye kazi hii tangu 1846), rangi yake huingia hadi upande wa pili, mbele na nyuma huwezi kutofautisha. Kitenge cha kuchapwa upande mmoja huonekana kimefifia nyuma. Kinavalika, lakini kisiuzwe kwa bei ya ndugu yake.

Sasa niseme kwa nini moyo wangu uko kwenye khanga. Khanga ya mama haitupwi, inashushwa cheo. Mwaka wa kwanza ni ya kutokea: arusini, kwenye hitima, hospitali kumwona mgonjwa. Rangi ikianza kuchoka inakuwa ya nyumbani. Baadaye ya kulalia. Mjukuu akizaliwa inakuwa mbeleko. Ikichakaa zaidi inaviringishwa ngata ya kubebea ndoo, na mwisho kabisa ni tambara la kushikia sufuria. Nimewahi kuipua maharage kwa khanga niliyomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Jina lilikuwa limebaki nusu.

Ndani ya zawadi zote tano ni hii pekee inayosema, na hapo ndipo ilipo raha yake na hatari yake. Mwaka mmoja nilinunua doti mbili usiku wa kuamkia Idi. Duka limejaa, muuzaji anakunja huku anatafuta chenji, mimi macho yangu yako kwenye rangi: zambarau na manjano, nzuri kweli. Moja nikampa mama, moja nikampa mama mdogo, ambaye wakati ule alikuwa ameachika na anakaa pale kwa mama. Mama mdogo aliikunjua, akasoma kwa sauti: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Chumba kizima kikanyamaza. Kisha akaniuliza kwa upole uliokata kuliko kisu: "Haya mwanangu, na mimi nasafiria nyota ya nani?"

Nililia kumwomba msamaha. Alinisamehe, lakini ile khanga hakuivaa hata siku moja.

Kwa hiyo soma jina. Na usilisome kwa macho yako, lisome kwa macho ya atakayevaa, halafu ya jirani atakayemwona kaivaa. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ni jina tamu, lakini mama akilivaa wiki ambayo amekwaruzana na mwenzake wa kikoba, tayari umemtangazia vita. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" halina ugomvi na mtu. Linafaa mpaka kwa mama mkwe, ambaye kwake usijaribu utani wowote wa khanga. "Japo sipati tamaa sikati" limpe dada yako anayesubiri jambo lake. Mama usimpe, atakaa usiku kucha akijiuliza unakosa nini huko mjini.

Na lile la "Nani kama mama" nalo lina shida yake. Si baya, ila kila mtoto hulifikiria. Sisi tuko wanne. Kuna Idi mama alipata matatu, ya rangi tatu tofauti, akacheka mpaka akakaa chini. Nililolipenda mimi ni "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi." Hilo halimsifu, linamwomba. Nilipompa hakusema kitu kwa muda. Aliipapasa, akaikunja tena kwenye mikunjo yake ile ile, akasema, "Radhi unayo." Mpaka leo sijampa zawadi iliyofika mahali pale.

Kuhusu ubora, wazee wana vipimo vyao. Mama wa umri wa mama yangu ukimtajia khanga ya Urafiki, kile kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, uso unabadilika. Kwake hiyo ndiyo pamba nzito. Ukiwa Mombasa, ambako wengi huiita leso, wenyewe watakupeleka Mtaa wa Biashara kwa Kaderdina, duka la tangu 1887 ambalo alama ya "Mali ya Abdulla" imo kwenye khanga zake. Popote ununuapo, sugua kona ya kitambaa kwa vidole: ikitoa unga mwingi na kulegea, ujue ugumu ule ulikuwa wanga tu, ikifuliwa itabaki kama karatasi ya kufungia vitumbua. Ukiishuku kuwa si pamba, chomoa uzi pembeni ukauchome nyumbani, si mbele ya muuzaji. Pamba huwa jivu lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Na umwambie mama afue peke yake mara ya kwanza, hasa nyekundu. Ingawa kwa kweli hilo yeye ndiye atakayekwambia wewe.

Udi na chupa ya manukato

Hapa jibu nililipata kabatini. Chupa ya manukato mama aliiona ya thamani mno, akaisubirisha shughuli inayolingana nayo, na shughuli hiyo haijatokea. Udi hausubiri shughuli. Wageni wakija unachomwa. Usiku wa kuamkia Ijumaa unachomwa. Nguo za kutokea zinafukizwa, khanga zinafukizwa, hata nywele zikishafumuliwa. Kikopo cha udi hufanya kazi mpaka kiishe, na kikiisha mama hupiga simu kuuliza habari za mjini, kisha mwisho mwisho anasema, "Halafu ule udi wako ulikuwa mzuri." Hilo ni agizo.

Ujue unanunua nini, maana neno ni moja na vitu ni vingi. Kuna udi wa vipande vya mti wenyewe. Huo hutoka India na Asia ya Kusini Mashariki, kwenye miti iliyoingiwa na ukungu ndani ya mbao ikatoa utomvu mweusi kujitetea. Harufu yote imo kwenye yale maradhi. Ni ghali, unapimwa kama dhahabu. Na kuna udi wa kupika, ambao akina mama wa Unguja ni mabingwa wake: vipande vya mti hupikwa na sukari, mafuta ya manukato na marashi mpaka vishikane. Mama yangu nimempelekea wote. Ule wa ghali aliuficha, ukaenda kukaa na ile chupa. Wa kupika aliuchoma siku ile ile. Nimejifunza kutomnunulia kitu kinachomtisha.

Usichanganye udi na ubani. Ubani ni utomvu mkavu, ule mashuhuri hutoka Dhofar huko Oman, na bei yake ni ya chini; ni wa kwenye maulidi, hitima na dua, na mama anao siku zote. Kumpelekea ubani kama zawadi ya Idi ni kama kumpelekea chumvi: hatakataa.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, achana na moshi kabisa, chukua marashi au mafuta mazuri ya kujipaka. Na chetezo chake ukikague: cha udongo hupasuka, na mama anaweza kuwa anachomea kwenye kifuniko cha kopo la rangi bila kukwambia. Chetezo kipya pamoja na udi wa kupika ni zawadi ndogo kwa bei na kubwa kwa matumizi.

Je, kwa mama asiye wa udi? Yule wa Mwanza niliyemtaja huenda manukato ya chupa anayamaliza vizuri tu. Usimuulize anapenda harufu gani, atasema yoyote. Angalia juu ya meza yake ya kioo: chupa iliyobaki tupu ndiyo jibu. Nunua hiyo hiyo, usijitie ujuzi.

(Unguja ina zawadi ya harufu isiyofungika kwenye boksi: kikuba cha asumini na rehani kinachobandikwa kifuani jioni na kunyauka alfajiri. Kama uko Darajani na mama yuko karibu, mnunulie. Kitafika usiku mmoja tu, na kinatosha.)

Dhahabu na pesa taslimu

Nimeziweka pamoja kwa sababu kwa mama zote mbili ni akiba. Tofauti iko kwenye nani anayeifikia kwanza.

Pesa ni nyepesi kuituma. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, mtoto aliyeko Muscat au London hana tena kisingizio cha kusubiri mtu wa kumpa bahasha. Adabu yake moja tu: tuma na ya kutolea. Kumtumia mama kiasi kamili halafu akakatwa ada kwa wakala ni kama kumpa chai ukamwacha atafute sukari.

Lakini pesa ya mama si ya mama. Ujumbe ukiingia kwenye simu, anayemsomea ni mjukuu, na mjukuu ana ada. Kuna mchango wa arusi ya mtoto wa shangazi, kuna msiba mtaa wa pili, kuna hisa za kikoba. Usiku pesa imekwisha na yeye hajanunua hata ndala. Ninaposema hivi silaumu; ndivyo anavyoishi na watu, na heshima yake mtaani imejengwa hivyo. Ila kama ulitaka kitu kimfikie yeye, mwilini mwake, pesa tupu haifiki. Labda uipe jina. Kaka yangu wa mwisho, ambaye sisi tulimwona hana akili ya zawadi, mwaka juzi hakutuma pesa. Alisafiri, akamchukua mama mpaka hospitali akapimwe macho, akamlipia miwani. Mama alikuwa anasoma msahafu mkono umenyooka kama anausukuma. Miwani ile haikuwahi kuingia kabatini hata dakika moja, na sisi watatu tuliokuwa tunashindana kwa khanga tulinyamaza.

Dhahabu haina mjukuu wa kuisomea. Hereni ndogo zikishakaa masikioni ni zake, hakuna mtu atakayemwambia mama azivue achangie arusi. Na siku ya shida kubwa, shida yake yeye, anajua njia ya kwa sonara. Kwa Waswahili wengi dhahabu ya mwanamke ni mali yake mwenyewe, hata mumewe haiulizii. Ndiyo maana, kwa mama ambaye kila mtu anamkopa, naiweka dhahabu mbele ya pesa.

Bei yake inajulikana, sina haja ya kuisema. Niseme tu unachotakiwa kuangalia. Namba iliyogongwa ndani: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Kadiri namba inavyopanda dhahabu ni safi zaidi, ni laini zaidi, na inarudi na thamani zaidi ukiiuza. Ufundi haurudi. Kile ulicholipa kwa ajili ya nakshi kinapotea mlangoni, kwa hiyo kwa zawadi ambayo pia ni akiba, chagua kitu chepesi kwa nakshi na kizito kwa gramu. Jiwe nalo jihadhari. Duka moja, silitaji, liliniuzia pete yenye kijiwe chekundu. Tulipoipeleka kwa sonara mwingine miaka ya baadaye, kijiwe kikatolewa kwanza ndipo mizani ikasema kweli. Nilikuwa nimenunua kioo kwa bei ya dhahabu. Siku hizi naomba risiti yenye gramu na karati, na kitu kisicho na jiwe.

Kwa mama mwenye kazi za maji na udongo, pete na bangili zitaishia kufichwa. Hereni zitavaliwa.

Vyombo

Kifupi. Blenda, jiko la gesi, friji, seti ya sufuria: nunua, nyumba inavihitaji. Ila usiviite zawadi ya mama. Ukimpa mama blenda umemwongezea kazi ya kutengeneza juisi ya wageni wako wewe. Boksi lile la kabatini nadhani lilikuwa linasema hivyo. Chupa ya chai peke yake naitoa kwenye hukumu hii, kwa sababu asubuhi anakaa nayo barazani, na hapo ni yeye na kikombe chake.

Wa kwangu, na wa kwako

Kama ningelazimika kuchagua moja kwa kila mama ninayemfahamu: mama yangu khanga. Mama mdogo, baada ya yale ya nyota, udi wa kupika, kwa kuwa udi hauna maandishi. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa kanisa na wa kutoka kila Jumapili, kitenge kilichoshonwa kwa kipimo kilichoibwa. Shangazi yetu anayekopwa na ukoo mzima, hereni. Bibi aliyebaki Pangani, haoni vizuri, hatoki: pesa, lakini mkononi mwa binti anayemhudumia, na sabuni na sukari juu yake, na mtu wa kukaa naye mchana mmoja.

Kabla ya kwenda dukani piga simu kwa ndugu zako. Sisi sasa tunagawana mapema: dada kachukua udi na chetezo, kaka mkubwa hereni kwa awamu, mdogo wetu anaendelea na mambo yake ya hospitali; safari hii anazungumzia meno.

Mimi ni khanga, doti mbili. Swali ambalo wauzaji wa Mtaa wa Uhuru hukuuliza mwishoni, wakiwa tayari wameshika mkasi, ni hili: nikate nipinde, au niache? Miaka mingi nilikuwa nasema kata, pinda, ili mama akifungua avae pale pale. Kisha nikagundua kwamba khanga iliyokatwa ni ya mama, na isiyokatwa ni ya kwenda nayo mahali. Doti ambayo haijaguswa inabebwa kwa mzazi aliyejifungua, inatuzwa arusini, inapelekwa kwa bibi harusi, na anayeitoa haendi mikono mitupu. Kwa hiyo namwambia muuzaji moja akate na fundi wa barazani aipinde, na nyingine aiache vile vile kwenye mikunjo yake. Ya kwanza nitamkuta nayo Idi ijayo. Ya pili huwa simuulizi.